Mlima wa Kivoi, Ukungu wa Enaiposha

Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya hakuwa Nyeri wala Nanyuki. Alikuwa Kitui. Ilikuwa tarehe 3 Desemba 1849, katikati ya mvua za vuli, zile ambazo sisi huziita nthwa na ndizo tunazozitegemea, maana za masika huku kwetu ni za kubahatisha. Mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alikuwa ameikata nyika kwa miguu kutoka Rabai, na mwishoni mwa Novemba akafikia kwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilijulikana hadi Mombasa. Kivoi ndiye aliyempa habari za mlima. Alimwambia kwamba amefika Uchagani akauona mlima mweupe wa huko, Kilimanjaro, na kwamba upo mwingine upande wa kaskazini, mwendo wa siku sita hivi kutoka Kitui.

Krapf akangoja. Mlima ule hauonekani kwa kuutaka. Kuna majuma mazima unajifunika, hasa msimu wa mvua. Siku hiyo mawingu yalifunguka, akaona pembe mbili kubwa zimesimama juu ya mlima mpana, na juu yake kitu cheupe. Kutoka Kitui hadi pale ni zaidi ya kilomita 150. Aliandika alichokiona, akaondoka nacho kwenda pwani, na kutoka pwani habari ikapanda meli kwenda Ulaya.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na wenzangu wa historia hawafurahi ninapowaingilia shamba lao. Lakini kisa hiki nakitumia mimi kuliko wao. Kila nikifika kwenye mada ya nyota na sayari zilizo nje ya mfumo wetu wa jua, kuna mkono unainuka nyuma ya darasa: “Mwalimu, kwani nani amefika huko?” Hakuna aliyefika. Hapo nafunga kitabu na kuwarudisha kwa Kivoi, kwa sababu swali lao hilohilo liliwahi kuulizwa London, kwa dharau kabisa, juu ya mlima ambao babu zao waliuona wakichunga mbuzi.

Aliyeuliza kwa ukali kuliko wote alikuwa William Desborough Cooley, bingwa wa ramani aliyeichora Afrika kwa kusoma maandishi ya Wareno na Waarabu na kuwahoji wasafiri. Bara lenyewe hakuwahi kulikanyaga. Mmishonari mwenziwe Krapf, Johannes Rebmann, alipoandika kwamba ameona theluji Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, Cooley alimkatalia. Krapf alipoleta mlima wa pili, naye akakataliwa. Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga: hapa ni ikweta, jua liko utosini, theluji itakaaje? Mtoto wa kidato cha kwanza angeuliza vivyo hivyo, na ningemsifu. Mwaka 1852 Cooley alitoa kitabu chake juu ya Afrika ya ndani, na bado theluji ya wamishonari hakuitambua.

Watu humcheka Cooley kwa sababu alikaa kitini. Mimi hilo simlaumu. Wanaastronomia wote hukaa kitini. Ninachomlaumu ni kwamba hukumu yake ilikuwa tayari kabla shahidi hajafungua mdomo, na shahidi alipozungumza, Cooley aliupima ushahidi kwa hukumu badala ya kuipima hukumu kwa ushahidi. Alikufa Machi 1883. Mwaka huohuo msafiri Joseph Thomson alipita Umaasaini akatokea Laikipia, akautazama Mlima Kenya kwa karibu na theluji yake juu. Halford Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899, zile pembe mbili zilipewa majina ya malaiboni wa Kimaasai: Batian na Nelion. Na jina la mlima wenyewe, kwa matamshi yaliyotoka midomoni mwa Wakamba na kuandikwa na Krapf jinsi alivyoyasikia, likawa jina la koloni mwaka 1920 na jina la nchi hadi leo.

Kivoi hakuyaona hayo. Julai 1851 Krapf alifunga safari kurudi kwake, na Agosti wakaondoka pamoja kuelekea mto Tana. Karibu na mto msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, watu wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Krapf akabaki peke yake porini. Mchana alijificha, usiku alitembea. Kiu ikamzidi. Alipoufikia mto alikunywa akashiba, kisha akaona kwamba hana kibuyu wala chombo chochote cha kubebea maji ya njiani. Alikuwa na bunduki na darubini. Akajaza maji kwenye mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na kwa matambara aliyoyachana kwenye suruali yake. Akajaza na mfuko wa ngozi wa darubini. Mfuko ukavuja. Vichaka vikazing'oa nyasi mitutuni, maji yakamwagika mchangani.

Mtu aliyelelewa Kitui akisoma sehemu hiyo hahitaji maelezo. Mitungi ikivunjika kilomita nne kutoka mtoni unajua siku yako imekuwaje. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hata baada ya kukoswakoswa na mauti hakuitupa darubini yenyewe. Alitumia mfuko wake tu. Alipofika kwa jamaa za Kivoi hawakumpokea kwa huruma. Walitaka kujua imekuwaje mgeni amepona na mwenyeji wake amekufa. Akatoroka usiku kupitia Yatta, akarudi pwani.

Sayari ninayowafundisha wanafunzi wangu nayo ilianza kama habari ya maji. Desemba 2009, kundi lililoongozwa na David Charbonneau wa Chuo Kikuu cha Harvard lilitangaza kwamba limeipata kwa darubini nane za kipenyo cha sentimita 40 kila moja, zilizofungwa kwenye mlima Hopkins, Arizona, katika mradi ulioitwa MEarth. Darubini ya ukubwa huo si mashine ya serikali. Mtu binafsi mwenye fedha zake anaweza kuinunua na kuiweka nyuma ya nyumba. Ujanja wao ulikuwa kwenye kuchagua pa kutazama. Wakati wengi walikuwa wakihangaika na nyota zinazofanana na jua letu, wao walichagua vibete vyekundu, nyota ndogo, hafifu, ambazo ndizo nyingi zaidi mbinguni ingawa hakuna hata moja unayoweza kuiona kwa macho matupu. Moja yao, iliyoandikwa GJ 1214 kwenye orodha ya nyota zilizo jirani, ilikuwa ikififia kidogo kwa wakati maalumu, sayari inapopita mbele yake, kisha inarudi.

Kwa nini nyota ndogo? Hili silielezi kwa mdomo, nalionyesha. Tunakata tundu la duara la sentimita nne kwenye katoni, tunalifunika kwa karatasi ya kufuatishia ramani, tunaweka balbu nyuma yake. Darasa letu halina mapazia, kwa hiyo wasichana huleta leso wakazitundika madirishani. Simu inalazwa mbele ya tundu ikiwa na programu ya kupima mwanga, na mwanafunzi mwenye mkono usiotetemeka anapitisha ushanga wa nusu sentimita ulioning'inizwa kwenye uzi. Namba kwenye simu ikiwa imesimama kwenye 320 inashuka hadi 315 hivi, inakaa hapo muda ushanga unapopita, kisha inapanda tena. Halafu tunaondoa katoni na kuleta nyingine yenye tundu la ukubwa wa sahani. Ushanga uleule, balbu ileile. Namba haitikisiki. Kelele zinazofuata hapo huwa zinamleta naibu mwalimu mkuu mlangoni.

Namba za kweli hazitofautiani sana na za leso zetu. Nyota GJ 1214 ina upana wa kama moja ya tano ya jua letu, na sayari ina upana wa karibu mara 2.7 ya Dunia. Ikipita mbele ya nyota yake inaziba asilimia 1.4 hivi ya mwanga, kwa muda usiotimia saa moja. Ingepita mbele ya jua letu ingeziba chini ya sehemu moja ya elfu, na zile darubini nane zisingeshtuka. Na haikawii kurudi: mwaka wake ni saa 38. Mtoto akizaliwa huko Jumatatu saa mbili asubuhi, Jumanne saa nne usiku ametimiza mwaka.

Uzito wake ulipatikana kwa njia nyingine, kwa kupima jinsi inavyoiyumbisha nyota. Kazi hiyo ilifanyika kwa kipimo kiitwacho HARPS kilichoko La Silla nchini Chile, na vipimo vya baadaye vimeuweka kuwa karibu mara nane ya uzito wa Dunia. Gawanya uzito kwa ujazo, upate gramu 2.2 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Dunia ni 5.5. Maji ni moja. Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza, na akishaipata ameshika kiini cha mjadala mzima: huu si mwamba mtupu, na si gesi tupu kama Mshtarii. Ni kitu cha katikati, ama mwamba uliovikwa blanketi nene la haidrojeni, ama dunia yenye maji mengi mno ndani yake, ama mchanganyiko. Wataalamu huziita sayari za aina hii Neptuni ndogo. Katika mfumo wetu wa jua hakuna hata moja, ilhali huko nje ziko tele, miongoni mwa aina za sayari zinazopatikana kwa wingi kuliko zote. Tumezaliwa kwenye boma ambalo limekosa mnyama ambaye kila jirani anaye.

Magazeti ya wakati huo yalishangilia dunia ya maji. Hapa lazima niwatulize watu wa kwetu, kwa sababu neno maji likitajwa Ukambani masikio husimama. Sayari hii iko kilomita milioni mbili na laki mbili hivi kutoka kwa nyota yake. Zebaki, iliyo karibu zaidi na jua letu, iko kilomita milioni 58. Hata kama nyota yenyewe ni hafifu, kwa umbali huo inachoma. Maji yakiwepo hayana ufuko wala wimbi: ni mvuke juu, na chini yake shinikizo linalozidi kupanda hadi mvuke na maji visitofautishike. Hakuna bwawa la kuchimba.

Na juu ya yote, ukungu.

Njia ya kujua hewa ya sayari ya mbali ni kusubiri ipite mbele ya nyota yake. Mwanga kidogo wa nyota hupenya pembeni mwa sayari, kwenye hewa yake, na kila gesi huchukua rangi zake. Mvuke una rangi zake, methani ina zake. Ukipima upana wa sayari kwa rangi moja baada ya nyingine, mahali penye gesi inayochukua rangi hiyo sayari itaonekana imenenepa kidogo. Mwaka 2010 watu walipoanza kupima sayari hii, GJ 1214 b, kwa darubini kubwa za ardhini walipata kwamba hainenepi wala haikondi. Mstari bapa. Wakadhani labda vipimo havitoshi. Ndipo Laura Kreidberg na wenzake wakaiomba darubini ya angani ya Hubble, wakaitazama sayari hiyo ikipita mara 15, mwaka 2012 hadi 2013, na Januari 2014 wakachapisha matokeo. Mstari ulikuwa bapa kuliko hata walivyotarajia. Kulikuwa na kitu kizito juu sana katika hewa ile, mawingu au ukungu, kilichozuia kila rangi kwa usawa. Yaliyo chini yake hayakuonekana.

Kuna wanafunzi huona hiyo ni kazi bure. Miezi kumi na moja, darubini ya gharama ile, jibu ni kwamba huoni. Mimi nalihesabu kuwa miongoni mwa majibu bora niliyowahi kusoma, kwa sababu liliandikwa wazi, likafuta nadharia kadhaa zilizokuwa zikipendwa, na halikujaza pengo kwa makisio. Laiti Cooley angaliandika ukurasa mmoja wa namna hiyo.

Kilichofuata kilihitaji chombo kingine. Darubini ya James Webb ilirushwa siku ya Krismasi 2021, na Julai 2022 kundi la Eliza Kempton wa Chuo Kikuu cha Maryland liliielekeza kwenye sayari hii kwa muda wa karibu saa 40 mfululizo, mzunguko mzima na ziada. Hawakutafuta rangi za gesi pembeni. Walipima joto lenyewe, jinsi linavyopanda na kushuka sayari inapozunguka, maana inaaminika kwamba upande mmoja huitazama nyota daima na mwingine haujawahi kuiona. Ukungu unaziba mwanga wa pembeni lakini joto linatoka tu. Matokeo yalitoka Mei 2023: upande wa mchana nyuzi 279 za selsiasi, upande wa usiku 165. Huo ndio usiku wake, na mtu wa Tseikuru anayelalamikia joto la Februari na ajue kuna wenye sababu zaidi. Tena huo mchana ulikuwa baridi kuliko ilivyokisiwa. Ukungu ule unarudisha angani sehemu kubwa ya mwanga unaoupokea. Ndiyo maana sayari haijaiva zaidi.

Mwezi uliofuata, Juni 2023, sayari ikapata jina. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikuwa umetoa nyota 20 zenye sayari, nyingi zikiwa zimepangiwa kutazamwa mapema na James Webb, na kuzialika nchi zipendekeze majina. GJ 1214 iliangukia timu ya Kenya. Nyota sasa ni Orkaria na sayari ni Enaiposha, yote mawili ya Kimaa: la sayari ni maji mengi, kama ziwa au bahari, la nyota ni ule udongo mwekundu wanaojipaka morani. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Kenya ilikuwa imepeleka majina ya Kijaluo kwa nyota nyingine, Kalausi, na sayari yake Buru, kimbunga na vumbi lake; Tanzania siku hizohizo ikaleta Mpingo na Tanzanite. Na nyuma zaidi, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kutazama eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni ya Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. (Tunayo Ngomeni yetu pia, huko Mwingi. Hakuna kilichorushwa kutoka huko isipokuwa vumbi la magari ya miraa.)

Wanafunzi wangu hulalamika: mbona hakuna Kikamba? Mimi huwajibu kwamba sisi tulishatoa jina la nchi nzima. Tuwaachie Wamaasai sayari moja. Kwa faragha nina lalamiko langu. Jina la maji limetangulia ushahidi wa maji. Lakini watoto ambao wamefukua mchanga wa mto Tiva wakati wa kiangazi hadi shimo likatoa maji hawaoni ajabu kuliita jambo kwa kile kilichofichika chini yake, na kwenye mabishano ya klabu ya sayansi mimi hushindwa kila mara.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halina budi kusemwa kwa mtu anayeandika akiwa Kitui. Orkaria iko umbali wa miaka 48 ya mwendo wa nuru. Mwanga uliotufikia mwaka 2025 uliondoka huko mwaka 1977, Mzee Kenyatta angali Ikulu. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, safari fupi kutoka mjini Kitui, alijenga hoja nzima juu ya wakati wa Mwafrika kwa kutumia maneno sasa na zamani, katika kitabu chake cha mwaka 1969, na mifano yake mingi aliitoa kwa Wakamba. Wanafalsafa walimshambulia sana kwa kusema kwamba wakati ujao kwetu ni mfupi. Waendelee. Lakini alipoandika kwamba sasa inazidi kuzama katika zamani alikuwa, bila kukusudia, anaeleza kazi ya mtu mwenye darubini, ambaye hajawahi hata siku moja kuona sasa ya kitu chochote kilicho mbali.

Kisha mbingu zikashuka zenyewe, Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024, alasiri, pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku. Nilikuwa ukweni, upande huohuo wa kaunti, na kabla jua halijatua kila simu ilikuwa na picha zake. Shirika la Anga la Kenya lilikuja, likaichukua, likasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, ambayo kwa kawaida huungua ikirudi kwenye angahewa au huangukia baharini. Baba mkwe alisikiliza taarifa hiyo redioni hadi mwisho, akauliza swali moja tu: “Sasa huyo mwenye roketi, ng'ombe wa mtu akifa, analipa nani?” Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye runinga juma lile.

Makueni, kwa masimulizi yake yenyewe, si mara ya kwanza kupokea vitu kutoka juu. Mlima Nzaui una mwamba ambapo husemwa Mulungu aliwaweka watu wa kwanza, na nyayo zao huonyeshwa hadi leo. Tofauti ni kwamba wale hawakuacha mjadala wa fidia.

Shule zilipofunguliwa Januari, swali lilikuwa limeiva: “Mwalimu, ile pete haiwezi kuwa imetoka Enaiposha?” Nikawapa namba wakokotoe wenyewe. Voyager 1, chombo kilichokwenda mbali kuliko vyote, kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde. Nuru inakwenda laki tatu. Walipata zaidi ya miaka laki nane kwa safari ya upande mmoja, na mmoja akasema basi roketi ya Mukuku ingekuwa imerushwa kabla ya watu kuwapo. Sawasawa.

Ila kilichonigusa zaidi ni kingine. Ile pete watu waliishika kwa mikono. Walipima upana wake, waliipiga picha kila upande, waligonga chuma wakasikia mlio wake. Na bado ilichukua siku nyingi za mabishano, kila mtu akitaja roketi ya nchi yake anayoidhania. Enaiposha hakuna aliyeigusa, hakuna hata aliyeiona kama duara. Inajulikana kwa mwanga unaopungua asilimia 1.4 na kwa joto linalopanda na kushuka. Lakini joto la usiku wake tunalijua kwa nyuzi, na mwenye mashaka anaweza kuomba namba zilezile akazihesabu upya kwake. Krapf hakuweza kumpa Cooley kitu kama hicho. Alikuwa na neno la Kivoi na macho yake mwenyewe basi.

Habari nyingine zilitoka kati ya mwisho wa 2024 na mwanzo wa 2025. Everett Schlawin wa Arizona, Kazumasa Ohno wa Japani na wenzao walipima tena mipito ya sayari kwa James Webb na kupata dalili za kaboni dayoksaidi, pengine na methani, zikijitokeza kidogo tu juu ya ule ukungu. Ikiwa ni kweli, sayari inafanana na Zuhura iliyovimba kuliko na bahari. Wao wenyewe waliandika kwamba ishara ni ndogo na inahitaji kuthibitishwa, na wenzao hawajakimbilia kuwapongeza.

Mimi niko upande wa hewa nzito, na darasani nimetoa sababu zangu. Kati ya mchana na usiku wa sayari ile kuna tofauti ya nyuzi zaidi ya mia moja. Hewa nyepesi ya haidrojeni tupu ingelisambaza joto hadi pande zote mbili zikakaribiana. Hewa yenye gesi nzito hulipoteza kabla halijafika upande wa pili. Kundi la Kempton lilisema hivyo mwaka 2023, na dalili za kaboni dayoksaidi zinakwenda mkondo huohuo. Klabu ya sayansi bado ina kundi linaloshikilia maji, kwa sababu zisizo na uhusiano wowote na fizikia. Mvuke nao ni mzito kuliko haidrojeni, wananikumbusha, kwa hiyo nyuzi zangu haziwakatai. Ni kweli. Nimewapa muhula huu walete namba.